Kuruka kwa Ubao wa Tanga Ziwani Viktoria: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepo Uganda ambaye tayari anaweza kuupanda ubao wa tanga, kwenda nao mbali na kurudi bila kuvutwa na boti, na ambaye sasa anataka ubao huo uachane na maji walau kwa sekunde moja. Wanaoucheza mchezo huu wa windisafingi ni wachache upande wetu wa Ziwa Viktoria, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa hapa hujikuta akifundishwa na video zilizopigwa Hawaii au Visiwa vya Kanari, ambako maji ni ya chumvi, hewa ni nzito na mawimbi yametengana vya kutosha kumpa mtu nafasi ya kujipanga. Video hizo si mbaya, lakini anayezifuata neno kwa neno mbele ya Entebbe atashangaa kwa nini tanga halimwinui. Nimeyapanga maelezo haya kwa kulifuata ziwa letu, na nimeweka kutua kabla ya kuruka, kwa kuwa mtu asiyejua atakavyofika chini huukunja mwili kwa hofu wakati uleule anaotakiwa kuunyoosha.

Unachotakiwa kukimudu kwanza

Usianze kujaribu kuruka kabla ya kumudu mambo manne. La kwanza ni kuteleza, yaani ubao uwe umeinuka na kukimbia juu ya maji badala ya kuyapasua, na uweze kuudumisha katika hali hiyo kwa mita mia kadhaa bila kuyumba. La pili ni kuingiza miguu yote miwili katika mikanda yake na kuitoa bila kuangalia chini. La tatu ni kuutumia mkanda wa kiuno wenye kulabu, uuache mwili ubebe mvuto wa tanga, kwani anayelishikilia tanga kwa nguvu za mikono pekee hatakuwa na mikono ya kurukia baada ya nusu saa. La nne ni kuanzia majini: kulala ndani ya maji, kuliinua tanga juu ya kichwa na kuuacha upepo ukunyanyue hadi ubaoni. Hili la nne watu hulidharau, ilhali kila mruko usiofanikiwa huishia majini, na anayelazimika kusimama ubaoni na kulivuta tanga kwa kamba kila anapoanguka atachoka kabla hajajifunza chochote.

Mikanda ya miguu ndiyo iliyouwezesha mruko wenyewe. Ubao ambao Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliuombea hataza nchini Marekani mwaka 1968 haukuwa nayo, na aliyeupeleka juu ya wimbi kwa kasi alitengana nao hewani. Vijana wa Hawaii ndio walioifunga mikanda hiyo katika miaka ya 1970, na tangu hapo mtu na ubao wake wakaanza kupanda na kushuka pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuingia ziwani, kagua kila mkanda: uwe mpana wa kutosha mguu kuingia hadi vidole vyote vionekane upande wa pili, lakini usiwe mpana kiasi kwamba mguu mzima unapenya na kifundo kinanaswa. Mkanda uliolegea sana huvunja kifundo cha mguu, na uliobana sana hukuacha ukining'inia nusu ndani, nusu nje.

Ziwa, upepo na saa

Jua linapoipasha moto nchi kavu, hewa iliyo juu ya ardhi hupanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi zaidi huja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kwenye ufuo wetu wa kaskazini, kuanzia Entebbe hadi Mukono, upepo wa mchana hutoka upande wa kusini: huanza taratibu kabla ya adhuhuri, hushika nguvu kuanzia saa saba au saa nane mchana, kisha hulegea jua linapokaribia kuzama. Usiku mambo hugeuka. Upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mikondo ya hewa kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati na kuzaa mawingu ya ngurumo ambayo mara nyingi hutufikia alfajiri au asubuhi. Kwa hiyo asubuhi ni wakati wa kuandaa vifaa na kuangalia mbingu. Upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu, hata ukiwa mtamu kiasi gani, unakusukuma kuelekea katikati ya ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na usiingie majini ukiwa unavuma.

Miezi ninayoipendelea kwa mafunzo ni Juni hadi Agosti, pale pepo za kusini-mashariki zinapoungana na upepo wa mchana na mvua zinapopungua. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, upepo mzuri haukosekani, ila dhoruba ni nyingi na zinakuja kwa haraka.

Katika kuchagua ufuo, tafuta mahali ambapo upepo wa kusini unapita kandokando ya ufuo au unaingia kwa mshazari. Rasi ya Entebbe imechomoza ziwani kuelekea kusini, hivyo ncha yake hupigwa na upepo uso kwa uso na mawimbi huvunjikia miguuni pako unapojaribu kuondoka, lakini pande zake za mashariki na magharibi upepo hupita sambamba na ardhi, na ukishindwa kurudi unasukumwa kuelekea ndani ya ghuba badala ya kupelekwa nje. Kaa mbali kabisa na eneo la uwanja wa ndege, na usikatize njia ya kivuko kinachotoka Nakiwogo kwenda Kalangala. Huko Ssese, kwenye visiwa 84 vya kundi hilo, mambo hutegemea upande ulioko: ufuo unaotazama kusini una mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali, kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 300 kutoka kaskazini hadi kusini, na ufuo uliojificha nyuma ya kisiwa una maji laini lakini upepo unaokatikakatika. Ndani ya Ghuba ya Murchison, karibu na Kampala, usiingie. Maji machafu ya mfereji wa Nakivubo yanaishia humo, na mtu anayejifunza kuruka humeza maji mengi.

Kabla ya kushusha ubao, nenda mwaloni, yaani pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi yao, ukasalimie. Muulize mzee wa mwalo, kwa heshima anayostahili, nyavu zimetegwa wapi, viboko wanalala upande gani, na kama mamba ameonekana siku za karibuni. Swali fupi kama «Ssebo (yaani bwana), leo nyavu ziko upande gani?» litakupa habari ambayo hakuna ramani inayo. Nyavu nyingi huonyeshwa na vidumu vya plastiki vinavyoelea, na pezi la ubao, lile bapa lililo chini yake upande wa nyuma, likinasa kamba ya wavu wakati ubao unakimbia, ubao husimama papo hapo na wewe unaendelea mbele. Usipite kati ya vidumu viwili hata kama maji yanaonekana wazi. Viboko hukaa karibu na mafunjo na matete, na jioni ndipo wanapotoka kwenda kulisha, kwa hiyo ondoka majini mapema na usipande wala kushuka mahali ambapo mafunjo yamefika ukingoni.

Ukiwa hapo hapo mwaloni, patana na mwenye boti la injini ili awe tayari kukufuata. Mlipe kwa saa hata kama hatawasha injini. Kubalianeni ishara moja: mikono miwili iliyonyooshwa pembeni, inayoinuliwa na kushushwa polepole, maana yake ni njoo unichukue. Sikubali hoja ya wanaosema kwamba mchezaji mzuri hahitaji boti, kwa sababu kinachokatika ziwani kwa kawaida ni kiungo cha mlingoti, kile cha mpira kinachouunganisha na ubao, na kiungo hakiangalii ubora wa mchezaji.

Vifaa vinavyolingana na hewa ya hapa

Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko hewa ya Mombasa. Msukumo wa upepo kwenye tanga unategemea uzito wa hewa hiyo, hivyo tanga la mita za mraba 5.3 hapa huvuta kama tanga la 4.7 la pwani katika upepo wa kasi ileile. Mtu wa kilo 75 ambaye baharini angetumia 5.3 upepo ukiwa noti 18 hadi 20, yaani kilomita 33 hadi 37 kwa saa, hapa anahitaji takriban 5.8 au 6.0. Nimeona wageni wakilaumu mbinu zao kwa saa nzima wakati walichohitaji ni tanga kubwa zaidi kwa saizi moja.

Maji matamu nayo hubeba kidogo kuliko ya chumvi. Tofauti ni ndogo, kama kilo mbili na nusu kwa ubao wa lita 100, lakini unaihisi unapoanza kuteleza. Kwa mwanafunzi wa uzito huo niliotaja, ubao wa lita 105 hadi 115 unafaa; mkubwa zaidi ya hapo huruka kwa urahisi lakini upepo huupindua hewani.

Pezi liwe lile lililolala kuelekea nyuma, kwa kuwa gugu maji na majani mengine huteleza juu yake badala ya kuning'inia. Lifunge kwa skrubu yake na ulijaribu kwa mkono. Mpini wa tanga, yaani lile bomba linalolizunguka tanga na ambalo ndilo unaloshika, uwe kwenye usawa wa mabega yako. Ukiwa juu sana hutaweza kuning'inia chini yake vizuri, na ukiwa chini sana magoti yataugonga wakati wa kujikunja.

Vaa jaketi la kuokolea maisha lililobana mwili na lisilopanda shingoni, kofia ngumu, viatu vya majini na fulana ya mikono mirefu. Jua la ikweta likiakisiwa na maji huunguza hata siku ya mawingu. Filimbi na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji vikae kifuani, visikae ubaoni.

Zoezi la nchi kavu

Tafuta mti wenye tawi imara, mwembe ukipatikana ni mzuri. Funga kamba mbili kwenye tawi na ning'iniza mti wa mviringo, au mpini wenyewe uliotenganishwa na tanga, kwenye usawa wa mabega. Chini yake weka ubao juu ya nyasi ukiwa umetolewa pezi. Simama na miguu ndani ya mikanda, shika mpini kwa mikono iliyoachana kidogo kuzidi upana wa mabega, kisha pinda magoti hadi makalio yakaribie kimo cha magoti, ruka, na papo hapo vuta visigino viwili kuelekea makalio.

Ubao utanyanyuka pamoja nawe kwa kimo cha kiganja tu, na hicho kinatosha. Unachotafuta ni mpangilio wa mambo mawili: kusukuma kwanza, kujikunja baadaye. Mguu wa nyuma husukuma, mguu wa mbele huvuta mkanda kwenda juu, na kisha wa nyuma nao hufuata kwa kujikunja chini ya mwili. Wengi hujikunja bila kusukuma, na ubao hubaki chini huku magoti yakipanda. Rudia mpaka usilazimike kuhesabu moyoni. Kisha badilisha upande, mguu mwingine ukae mbele, kwa sababu ziwani utaruka ukienda na utataka kuruka ukirudi.

Kujifunza kutua kabla ya kuruka

Siku ya kwanza majini usiruke. Teleza kwa kasi, miguu ikiwa mikandani, na kila wimbi dogo linapokuja liache liuinue ubao lenyewe, nawe ulipokee kwa magoti. Mawimbi yetu ya mchana ni mafupi na yameinuka ghafla, na kwa kasi nzuri ubao utaachana na maji kwa kimo kidogo bila wewe kufanya chochote. Tumia nafasi hizo kufundisha miguu yako mambo matatu.

Kwanza, nyuma ya ubao ndiyo inayogusa maji mwanzo. Ukitua na ubao wote kwa pamoja, kishindo chake hupanda moja kwa moja hadi visigino, magoti na mgongo, na ubao wenyewe unaweza kupasuka chini ya mikanda. Pili, omo ya ubao, yaani ncha yake ya mbele, iwe imeelekea kidogo upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea. Ubao ukitua ukiwa umeelekea joshini, kule upepo unakotoka, pezi huteleza ubavuni, ubao husimama, na tanga hukurusha mbele juu ya mlingoti. Tatu, tanga livutwe tena wakati uleule wa kugusa maji. Mwanafunzi aliyeridhika kwamba ametua salama hulegeza mkono wa nyuma kwa kupumua, tanga linapoteza upepo, na anaanguka kwa nyuma akiwa amefanya kila kitu kingine sawasawa.

Chunga pia macho yako. Ukitazama miguu, kichwa huinama, makalio hutoka nje na uzito wote huenda kwenye visigino. Tazama maji yaliyo mita 20 mbele, mahali ambapo ungependa kuwa baada ya kutua.

Ukishaweza kupokea mawimbi hayo mfululizo na kuendelea kuteleza bila kupunguza mwendo, uko tayari kwa hatua inayofuata. Kwa wengine hilo huchukua mchana mmoja, kwa wengine majuma kadhaa, lisiharakishwe.

Mruko wenyewe

Panda kwanza kuelekea joshini, ili ujipatie maji ya kutosha upande wa demani, maana kila mruko na kila anguko vitakushusha. Kisha elekeza ubao ili upepo uje ubavuni kwako, teleza kwa kasi yote uliyo nayo, na ondoa kulabu ya kiuno kwenye kamba zilizofungwa kwenye mpini. Wachezaji wazoefu huruka wakiwa wamejifunga, lakini anayeanza akibaki amejifunga na mruko ukaharibika, tanga humbeba kama mzigo na kumbamiza. Sogeza mkono wa nyuma kidogo kuelekea mwisho wa mpini, ili uweze kulishikilia tanga bila msaada wa kiuno.

Sasa tafuta wimbi. Usitake kubwa, unataka lenye kimo cha goti na uso uliosimama. Upepo ukiwa wa kusini nawe unaelekea mashariki au magharibi, mawimbi yanakujia kutoka ubavuni, kwa hiyo unapobakiza urefu wa ubao mmoja au miwili kulifikia, geuza omo kidogo kuelekea joshini ili upande wimbi kwa uso wake. Mgeuko huo uwe mdogo na wa haraka. Ukigeuza mno kasi inakufa kabla hujaondoka.

Wakati huohuo shuka. Magoti yapinde, makalio yashuke, mikono ibaki imenyooka kiasi, na uzito uhamie taratibu kwenye mguu wa nyuma, juu ya pezi. Tanga libaki limevutwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaosikika mara nyingi kwamba uvute kwa mikono ujinyanyue: mikono haimnyanyui mtu. Kinachokunyanyua ni kasi inayogeuzwa na uso wa wimbi kuwa mwinuko, miguu inayosukuma kwa wakati wake, na upepo unaoingia chini ya ubao.

Omo inapoanza kupanda wimbi, nyoosha miguu kwa nguvu moja ya ghafla, mguu wa nyuma ukisukuma dhidi ya pezi kama anayeruka ngazi mbili kwa mpigo. Mara tu unapohisi maji yameachia, vuta mguu wa mbele juu, ukiinua ule ukingo wa ubao ulio upande wa joshini ili upepo upate nafasi ya kupita chini yake, kisha vuta visigino vyote viwili chini ya makalio. Mwili wako uwe umening'inia chini ya mpini, karibu na ubao, ukiwa umejikunja na si umenyooka. Utasikia jambo ambalo ni vigumu kulisahau: mlio wa maji chini ya ubao unakatika ghafla, na kinachobaki ni upepo kwenye tanga.

Ukiwa hewani una kazi mbili, na kwa mruko mdogo zote ziko ndani ya sekunde moja. Kwanza usukume mguu wa mbele mbele kidogo na uendelee kuukunja wa nyuma, ili omo igeukie demani na kushuka. Kisha legeza tanga kwa kiasi kidogo ubao unapoanza kushuka, bila kulifungua lote, na lirudishe kwako unapogusa maji kwa upande wa nyuma, magoti yakiwa laini. Endelea kuteleza. Jifunge kulabu tena ndipo upumue.

Panga mchana wako hivi: nusu saa ya kuteleza tu ili mwili upate joto, kisha miruko michache upande mmoja, kisha pumzika ufuoni na unywe maji, kisha upande wa pili. Misuli ya mkono inapochoka vidole huachia mpini bila kuulizwa, na mruko wa mwisho wa siku ndio unaoumiza watu wengi, kwa kuwa hujaribiwa na mtu aliyekwisha kusema moyoni kwamba huu ni wa mwisho.

Mruko ukiharibika

Ubao ukipanda kisha ukageukia joshini na wewe ukaanguka chali, ulifungua tanga wakati wa kuondoka. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Hofu huufanya mkono wa nyuma ulegee. Dawa yake ni kuamua, kabla ya wimbi, kwamba mkono huo hautasogea mpaka uwe hewani. Omo ikizama baada ya kutua, ulibaki umesimama wima hewani na uzito ukaenda mbele, kwa hiyo rudi kwenye mti na ufanyie kazi visigino. Ubao usipoondoka kabisa ingawa unasukuma, ama kasi haitoshi, ama unasukuma baada ya wimbi kupita. Sukuma mapema kidogo.

Unapoona kwamba kutua vizuri hakuwezekani na uko chini, usiachie mpini. Anayeushikilia huanguka pamoja na tanga na kubaki karibu na ubao wake, ilhali anayeuachia anaweza kupigwa na mlingoti au kuuona ubao ukisukumwa mbali. Unapoibuka, weka mkono mmoja juu ya kichwa kwanza. Ukijikuta chini ya tanga, usipapatike. Lisukume juu kwa kiganja upate nafasi ya hewa, kisha fuata mshono mmoja hadi ukingoni.

Kifaa kikivunjika na huwezi kurudi kwa upepo, baki na ubao. Tenganisha tanga, likunje likizunguka mlingoti, lilaze juu ya ubao, lala kifudifudi juu yake na upige makasia kwa mikono ukikata upepo kwa mshazari kuelekea ufuoni. Jua likiwa linashuka, au tanga likikuzuia, lipoteze tanga ubaki na ubao. Ubao unaonekana kutoka mbali na unaelea. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani.

Dhoruba haitaki subira. Wingu jeusi lenye ukingo ulioinama kama upinde, upepo unaokufa ghafla wakati haukutarajiwa kufa, au ubaridi unaokuja kutoka upande usio wa kawaida, kila kimoja peke yake kinatosha kukurudisha nchi kavu. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye ngurumo nyingi, na mlingoti wa kaboni hupitisha umeme; kusimama ziwani ukiwa umeushika mlingoti wa mita nne na zaidi wakati radi inapiga ni hatari isiyo na mjadala. Ukisikia ngurumo hata moja ya mbali, toka, laza tanga chini na usilibebe.

Baada ya kutoka majini

Suuza vifaa kwa maji safi, toa majani kwenye pezi, kisha kagua kiungo cha mlingoti kwa kukipinda kila upande ukitafuta mipasuko midogo kwenye mpira wake, na ubonyeze sehemu ya ubao iliyo chini ya mikanda kwa kidole gumba. Ikilegea, kitambaa cha ndani kimepasuka na maji yataingia. Fundi wa maboti ya fiberi anaweza kuiziba ukimweleza kwamba ndani kuna povu jepesi lisilotaka joto kali wala resini ya poliesta, ambayo huliyeyusha.

Mwili nao unahitaji kukaguliwa, kwa sababu kichocho cha tumbo kimeenea ziwani. Vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji tulivu ya kina kifupi penye majani, huwa wengi zaidi mchana, na huingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Hii ni sababu nyingine ya kuondokea mahali penye mchanga au mawe na mawimbi, kutokusimama kwa muda mrefu kwenye maji ya magotini ukifunga tanga, na kujikausha kwa taulo kwa nguvu mara unapotoka, ingawa kujikausha hakuondoi hatari yote. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kuimeza jioni ileile hakusaidii. Anayeingia ziwani mara moja moja apimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini, na anayeingia kila wiki apange na daktari ratiba ya kupimwa. Ukipata homa, kikohozi au vipele vinavyowasha wiki chache baada ya kuwa ziwani, usisubiri ratiba hiyo. Nenda kituo cha afya na useme waziwazi kwamba uliingia ziwani, upande gani na tarehe ipi, kwa sababu bila taarifa hiyo utapimwa malaria pekee.